Nikeli: metali, madini au mbale?

Katika habari za nikeli ya Musongati, Burundi, neno moja hubebeshwa kazi tatu. "Madini ya nikeli" huwa ni udongo uliolala mlimani, huwa ni shehena itakayopakiwa, na huwa pia metali safi yenye bei yake katika soko la dunia. Kwa sisi wa Gitega, majirani wa reli ya Uvinza hadi Musongati iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2025, mchanganyiko huo una gharama.

Tuanze na metali. Nikeli, alama yake Ni, ni elementi ya 28. Ni nyeupe kama fedha, ngumu, hufulika na kuvutika kuwa waya, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455 za selisiasi na haipatwi na kutu upesi. Aliyeitenga ni Axel Fredrik Cronstedt wa Uswidi, mwaka 1751. Jina alilichukua kwa wachimbaji wa Ujerumani, ambao walipochoma mawe yaliyofanana na ya shaba wasipate shaba, waliamini kuna pepo mkorofi mwenye jina hilo aliyewafanyia hila.

Vitabu vya kemia huiweka nikeli katika kundi la metali za mpito. Kwa Mrundi, mpito ni serikali ya 2001 hadi 2005: kitu cha muda, kinachongoja kingine. Nikeli haingoji kugeuka chochote. Istilahi hiyo ilitokana na maelezo ya mkemia Charles Bury, mwaka 1921, kuhusu jinsi tabaka la ndani la elektroni linavyopita kutoka elektroni 8 hadi 18 tunapofuata safu ya jedwali la elementi. Nikeli iko njiani: katika fungu la ndani linaloitwa d, lenye nafasi 10, elektroni zake ni 8. Pengo hilo ndilo chanzo cha sifa zake nyingi. Elektroni zisizo na wenza huifanya ivutwe na sumaku. Chumvi zake huwa za kijani. Nayo hufaa kuwa kichocheo, kwa kuwa hidrojeni hushika juu yake na kuachia kwa urahisi. Paul Sabatier alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa utafiti wa namna hiyo, na ufundi huo ulikuja kutumika kutengeneza majarini.

Matumizi makubwa kuliko yote ni chuma cha pua kisichoshika kutu, kile ambacho wauza vyombo hukiita stenlesi. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, upite nayo kwenye vijiko sokoni. Vile vya bei rahisi, vyenye kromi bila nikeli, vitanasa. Vilivyo vizuri zaidi, vyenye kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8, kwa kawaida havinasi, ingawa nikeli yenyewe hunasa. Sababu ni kwamba nikeli hubadilisha mpangilio wa atomi za chuma, na mpangilio huo mpya hauitiki sumaku.

Sasa mbale. Mbale ni jiwe au udongo wenye metali ya kutosha kulipia kazi ya kuitoa. Wafua chuma wetu wa zamani hawakuwa na utata hapa: *ubutare* ulikwenda tanuruni, *icuma* kikatoka. Mbale ya Musongati ni laterito. Miamba yenye magnesi nyingi ilioza kwa mamilioni ya miaka, mvua ikachukua magnesi na silika, nikeli ikabaki nyuma, imejificha ndani ya udongo wa chuma. Kiwango chake ni kati ya asilimia moja na mbili. Kwa asilimia moja na nusu, tani moja ya udongo mkavu ina kilo 15 za nikeli. Mtu akitangaza mamilioni ya tani, lazima aulizwe: tani za nini?

Anayetoka Muyinga akivuka mpaka wa Kobero huingia Kabanga, wilaya ya Ngara, Tanzania, jina linalobebwa pia na mradi wa nikeli wa wilaya hiyo. Mbale ya kule ni ya salfaidi, yenye nikeli asilimia mbili hivi, iliyo katika chembe zinazoweza kusagwa na kufanywa zielee kwenye maji yenye povu ili zitengwe. Laterito haikubali hilo. Hudai asidi yenye joto na shinikizo kubwa, au tanuri la umeme. Kituo cha umeme cha maporomoko ya Rusumo kina megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu. Kiwanda kikubwa cha feronikeli chaweza kuhitaji kuliko zote hizo.

Kwa hiyo ninapendelea tuandike *mbale ya nikeli* kwa udongo, *feronikeli* kwa mchanganyiko wa chuma na nikeli unaotoka tanuruni, na *nikeli* kwa metali yenyewe. Udongo ukisafirishwa kama ulivyochimbwa, katika kila behewa la tani 60 nikeli haitafika hata tani moja na robo, na sehemu kubwa ya uzito uliobaki itakuwa ni maji, chuma na udongo mwingine.