Jezi, mkeka na riali zangu: Simba na Yanga walivyofika kwenye kubeti

Niko Muscat. Nimekuwa kimya wiki kadhaa, zamu za usiku zimenibana kwelikweli. Leo naomba tuongee mpira, na kina dada msikimbie, maana jambo lenyewe linagusa hela zetu.

Kila msimu mpya wa ligi unapokaribia, simu yangu haipumziki. Tangu 2009 Simba wana Simba Day, ambayo kwa asili ni tarehe 8 Agosti ingawa siku hizi inasogezwa sogezwa, na tangu 2019 Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi. Jezi mpya zinatambulishwa, wasanii wanapanda jukwaani, na mdogo wangu wa kiume kule Mbagala ananipigia kunipa utabiri. Zamani utabiri wake ulikuwa ushabiki mtupu: nani kasajiliwa, nani kaumia goti, nani kalogwa. Sasa hivi anaongea kwa namba tu. Mnyama nyumbani 1.20, Yanga ugenini 1.35, halafu timu za Ulaya ambazo hata jiji lake hawezi kulionyesha kwenye ramani. Mwisho wa maongezi naujua: "Dada, nitupie hata riali 20, mkeka wa wiki hii umekaa vizuri."

Kwa mlioondoka nyumbani siku nyingi, mkeka huo si wa kulalia. Ni orodha ya mechi ulizobashiri kwa pamoja. Moja ikienda kombo, mkeka wote umechanika. Na riali 20 si hela ya kuchezea: riali moja imefungwa kwenye dola 2.6 tangu 1986, kwa hiyo hapo ni dola 52. Kichekesho ni kwamba hapa ninapoitafuta hela hiyo kamari ni kosa la jinai, imo kwenye Sheria ya Adhabu ya 2018. Riali inatoka nchi isiyoruhusu kubeti, inavuka bahari, inaingia kwenye simu ya Mbagala, na baada ya dakika 5 iko kwenye mkeka.

Nikajiuliza, tulifikaje hapa? Maana klabu hizi zimekuwepo kabla ya bibi zetu kuolewa.

Jirani yangu hapa Seeb ana baba yake, mzee wa Kiomani aliyekulia Kariakoo. Kiswahili chake kinanishinda mimi. Siku ya kwanza nilipomwamkia shikamoo, aliitika marahaba halafu akauliza hapo hapo, "Binti, we Simba au Yanga?" Nikamwambia Simba, babu. Akatikisa kichwa. "Mie Sunderland."

Sikuelewa hadi alipoeleza. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wakajitenga na kuunda klabu nyingine, ikapitia majina ya Queens na Eagles kabla ya kukaa kwenye Dar Sunderland. Yanga ikawa ya Waafrika na karibu sana na TANU, Sunderland ikawa na Waarabu na watu wa mjini wengi. Mwaka 1971, wakati majina ya kikoloni yakifutwa, Sunderland ikawa Simba. Mzee aliishi mambo haya, kwake Simba ni jina la juzi tu.

Nikamuuliza wakati wao walikuwa wanabeti? Akacheka. Waliwekeana soda. Aliyefungwa ananunua soda, na maneno ya kejeli wiki nzima bila malipo. Klabu yenyewe iliishi kwa getini: mashabiki wanalipa kiingilio, klabu inapata fungu lake, basi. Wakipungukiwa wanachangishana. Hela ya shabiki ilikwenda kwenye klabu moja kwa moja, na akishalipa alikuwa ameona mpira.

Baadaye wakaja wafadhili, yaani matajiri wenye mapenzi. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF dhidi ya Stella Abidjan. Kule ugenini ilikuwa 0-0, na mfadhili Azim Dewji akawaahidi wachezaji gari kila mmoja wakilileta kombe. Nchi nzima ilijua kombe ni letu. Tukafungwa 2-0 nyumbani! Nilikuwa mtoto mdogo, lakini nyumbani kwetu mechi ile ilisimuliwa kama msiba. Kisha akaja Mohammed Dewji upande wa Simba, Yusuf Manji upande wa Yanga. Tajiri akinuna, klabu inalala njaa. Ikaja bia ya Kilimanjaro, ikazidhamini timu zote mbili kwa miaka mingi. Wengine walinung'unika, lakini mnywaji wa bia alikuwa anakunywa bia yake, klabu haikumhitaji apoteze.

Badiliko kubwa halikuanzia uwanjani, lilianzia kwenye simu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 ilikuwepo tayari, lakini M-Pesa ilipoingia Tanzania 2008 mlango ukafunguka. Huna haja ya kwenda dukani, huna haja ya kuonekana na shemeji. Shilingi 500 inatosha, saa 8 usiku, ukiwa kitandani.

Mei 2017 SportPesa, waliokuwa wameanza Kenya 2014, wakasaini na Simba na Yanga ndani ya wiki moja, kila mmoja karibu bilioni 5 kwa miaka 5. Mwaka huo huo wakaleta Everton Uwanja wa Taifa kucheza na Gor Mahia, Wayne Rooney akafunga mbele ya macho yetu. Mei 2019 ikaja Sevilla, ikaifunga Simba 5-4. Nani angelalamika? Hata mimi nilishangilia. Mwaka 2022 dau likapanda: Yanga wakasaini tena na SportPesa kwa zaidi ya bilioni 12 kwa miaka 3, Simba wakaenda M-Bet kwa bilioni 26 kwa miaka 5. Ndani ya miaka mitano tu jezi imepanda bei kiasi hicho, na kampuni ya kubeti haina kiwanda wala shamba. Inachouza ni mkeka uliochanika.

Majirani zetu Kenya wameshaonja upande wa pili. Huko wadhamini hao walikuwa hadi kwenye raga, tangu 2016. Januari 2018 serikali ilipoweka kodi ya asilimia 35, udhamini wa michezo ukakatwa siku ya pili tu ya mwaka, raga na soka kwa pamoja. Kwa Gor Mahia na AFC Leopards ulirudi kodi iliposhuka, halafu 2019 leseni hazikuhuishwa na ukakatika tena. Klabu zenye mashabiki mamilioni zikabaki zinahangaika na mishahara. Mimi naliona kama mgonjwa aliyezoeshwa oksijeni kisha mtungi ukaondolewa ghafla.

Sasa nirudi kwenye utabiri wa msimu, maana najua mdogo wangu anasoma hapa. Ubingwa wa bara ni rahisi kutabiri kuliko mvua za masika. Kuanzia 2001 hadi 2025 ni mara moja tu kombe lilitoka nje ya Simba na Yanga: Azam, msimu wa 2013/14, tena bila kufungwa hata mechi moja. Simba walichukua mara 4 mfululizo kuanzia 2017/18, Yanga wakajibu mara 4 mfululizo hadi 2024/25. Kwa hiyo ukibeti bingwa huambulii kitu, na ukibeti Simba dhidi ya timu ndogo unapewa 1.20. Hapo ndipo mkeka unapozaliwa: watu wanaunganisha mechi 10 ili kiasi kinone.

Sisi manesi tunafundishwa hesabu za dozi, nikamfanyia hii. Chukua mechi 10, kila moja 1.20. Ukishinda zote, shilingi 1,000 inakuwa kama 6,190. Tamu. Sasa tuseme kila timu ina uwezekano wa asilimia 80 wa kushinda, ambao ni mkubwa. Uwezekano wa zote 10 kushinda siku moja ni asilimia kama 11 tu, yaani mara moja katika kila mara 9 na ushee. Kwa haki ungelipwa zaidi ya 9,300. Ukibeti hivyo mwaka mzima, katika kila 1,000 unayoweka inarudi wastani wa 665. Theluthi imekwenda. Yeye aliniambia, "Dada, wewe unaleta hospitali kwenye mpira."

Na hizo asilimia 80 ni mechi ndogo. Kwenye mechi ya watani hakuna hesabu. Mei 2012 Simba 5, Yanga 0. Oktoba 2013 Simba nyuma 3-0 mapumziko, ikarudisha zote, 3-3. Novemba 2023 Yanga 5, Simba 1 (siku hiyo nilizima simu). Mechi ya Machi 8, 2025 haikuchezwa kabisa, ikaahirishwa siku yenyewe, watu wakaisubiri hadi Juni 25, Yanga wakashinda 2-0.

Mtaniuliza mbona naumia hivi. Mwaka juzi nilituma ada ya muhula wa mdogo wangu, anasomea umeme chuo cha ufundi. Ada haikufika chuoni. Iliunganishwa mechi 12, 11 zikaja, moja ikatoa sare dakika za majeruhi. Hadi leo anaihadithia hiyo mechi moja kwa majina ya wachezaji. Siku hizi ada nalipa mwenyewe kwenye akaunti ya chuo, na hela ya chakula namtumia mama. Tumegombana, tumepatana, na bado ananitumia mkeka kila Ijumaa "uone tu, dada."

Hapa Muscat naangalia mechi kwa jirani. Nyumbani ikianza saa 11 jioni, kwetu ni saa 12. Mwaka 2016 Mrisho Ngasa alikuja kuchezea Fanja ya hapa Oman, na mzee bado anamtaja kama mpwa wake, ingawa yeye na Yanga ni paka na panya.

Narudi nyumbani likizo hivi karibuni. Mzee kaniagiza jezi nyekundu ya Simba, kwa sharti moja: kifuani isiandikwe jina la kubeti, maana anataka kuivaa akienda msikitini Ijumaa. Nimeshauliza Kariakoo kwa simu maduka matatu, nimechekwa mote. Mwenye kujua fundi anayeweza kushona nyekundu tupu yenye simba tu, aniambie kabla sijapanda ndege.