Kongresi ya Marekani na shahidi mkaidi

Katiba ya Marekani haisemi popote kwamba Kongresi inaweza kumwita mtu kutoa ushahidi, wala kwamba inaweza kumfunga akikataa kufika. Mamlaka hayo yalirithiwa kutoka Bunge la Uingereza, ambalo kwa karne nyingi liliwatia ndani waliolidharau. Wamarekani hawakuchelewa kuyatumia. Mwishoni mwa 1795, wabunge kadhaa walieleza kwamba Robert Randall na mwenzake Charles Whitney walikuwa wakiwaahidi sehemu ya ardhi karibu na Ziwa Erie ili wawaunge mkono. Baraza la Wawakilishi liliwatuma wapambe wake kuwakamata. Whitney aliachiwa, Randall alihojiwa mbele ya Baraza lenyewe, akatiwa hatiani na kukaripiwa na Spika. Waliolalamika ndio waliohukumu.

Suala la uhalali wa jambo hilo lilifika Mahakama ya Juu kupitia John Anderson, aliyempelekea mbunge Lewis Williams ahadi ya dola 500 mwaka 1818. Alikamatwa, akakaripiwa na Spika Henry Clay, kisha akamshtaki mpambe wa Baraza, Thomas Dunn, kwa kumkamata bila haki. Mwaka 1821 alishindwa. Majaji waliona kwamba chombo kisichoweza kujilinda dhidi ya vurugu na hongo hakiwezi kufanya kazi yake. Hata hivyo waliweka mipaka: adhabu iwe ile ndogo kabisa inayotosheleza haja, na kifungo kiishe kikao cha Baraza kinapoahirishwa.

Mpaka huo wa pili uliwafaa sana mashahidi wakaidi, kwani aliyebanwa mwishoni mwa kikao alikuwa na siku chache tu za kuvumilia. Mwandishi wa gazeti la New York Times, James Simonton, alipodai kwamba baadhi ya wabunge wanahongeka na kisha akakataa kuwataja, Kongresi ilitunga sheria ya Januari 1857 iliyofanya kukataa wito kuwa kosa la jinai. Tangu hapo Baraza liliweza kupeleka jalada kwa mwendesha mashtaka wa serikali, na mkaidi akafungwa na mahakama hadi miezi 12. Kilichoonekana wakati huo kuwa nyongeza ya nguvu kilikuwa na kasoro iliyochukua zaidi ya karne kujitokeza: mwendesha mashtaka ni mtumishi wa rais.

Utaratibu wa zamani haukufutwa. Mwaka 1876 Baraza lilimfunga Hallet Kilbourn, dalali wa ardhi mjini Washington, siku 45 katika jela ya mji kwa kukataa kueleza biashara iliyohusiana na kufilisika kwa benki ya Jay Cooke. Miaka michache baadaye Mahakama ya Juu ilimpa haki, ikisema Baraza halina ruhusa ya kupekua mambo binafsi ya raia pasipo sababu ya kutunga sheria. Kwa miaka zaidi ya 40 hukumu hiyo iliwatia hofu wapelelezi wa Kongresi, hadi kashfa ya mafuta ya Teapot Dome ilipowasukuma. Mally Daugherty, mwenye benki huko Ohio na ndugu wa aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, alipuuza miito miwili ya Seneti. Naibu mpambe John McGrain alimfuata Cincinnati na kumkamata. Uamuzi wa 1927 ulithibitisha kwamba uchunguzi ni sehemu ya kazi ya kutunga sheria, na kwamba shahidi anaweza kuletwa kwa nguvu.

Kesi iliyokamilisha mlolongo huo ilikuja 1934. Kamati ya Seneta Hugo Black ilikuwa ikichunguza zabuni za kusafirisha barua kwa ndege. Ilimtaka wakili William MacCracken, aliyekuwa amesimamia usafiri wa anga serikalini na ndiye mwenye leseni ya kwanza ya urubani ya serikali ya Marekani, alete nyaraka za wateja wake. MacCracken alisema lazima awaombe ruhusa kwanza. Wakati akiwasubiri, baadhi yao waliingia ofisini mwake na kuondoka na karatasi. Mmoja, ofisa wa shirika la ndege la Northwest, alizichanachana na kuzitupa. Wapelelezi walipekua magunia ya taka na kuviunganisha vipande. MacCracken alijitetea kwamba jambo limekwisha kutendeka, hivyo Seneti haina la kumshurutisha tena. Jaji Louis Brandeis alikataa: Seneti inaweza kuadhibu hata kizuizi kilichokwisha kufanyika. MacCracken alitumikia siku kumi jela, na hadi leo hakuna mwingine aliyefungwa kwa njia hiyo.

Sababu ni za kawaida kabisa. Kumhukumu mtu ukumbini kunakula muda wa kutunga sheria, na Kongresi haina jela yake. Sheria ya 1857 ilikidhi haja mradi serikali ilikuwa tayari kushtaki, kama ilivyokuwa kwa waandishi na waongozaji wa filamu wa Hollywood waliofungwa mwaka 1950 kwa kukataa kujibu maswali juu ya ukomunisti. Ikawa vigumu pale shahidi alipokuwa ofisa wa serikali yenyewe. Mwaka 1984 Wizara ya Sheria ilitoa maoni kwamba mwendesha mashtaka halazimiki kumshtaki ofisa aliyekaa kimya kwa amri ya rais. Mwaka 2012 Baraza lilimtangaza Mwanasheria Mkuu Eric Holder kuwa amelidharau. Wizara aliyoiongoza haikumshtaki. Baada ya uvamizi wa Capitol wa Januari 2021, Steve Bannon na Peter Navarro, waliokuwa washauri wa Rais Trump, walishtakiwa kwa kukaidi wito wa Baraza na kila mmoja akafungwa miezi minne, lakini Mark Meadows, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa Ikulu na aliyepelekwa na Baraza vilevile, hakushtakiwa.

Kukata tamaa na waendesha mashtaka kuliwarudisha wabunge kwenye njia ya zamani. Julai 2024 lilipendekezwa azimio la kumtoza Mwanasheria Mkuu Merrick Garland faini ya dola 10,000 kwa siku hadi atoe rekodi ya mahojiano ya Rais Biden. Lilishindwa kwa kura 210 dhidi ya 204.