Hitilafu ya kuwaka kwa kubahatisha (dizeli)
Ni tabia ya gari kukataa kuwaka leo, kesho likashika mara moja. Kutus, kati ya Kerugoya na Mwea, anayeteseka zaidi ni mwenye matatu ya HiAce, na lawama huiangukia betri kwanza, mara nyingi kwa uonevu. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, ikishuka chini ya 9.6 stata inapozungusha, hapo ina kesi. Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, hushukiwa sensa ya krenki: ikipata joto hunyamaza, ikipoa hurudi kazini. Bila ishara yake kompyuta haifungui nozeli. Fundi huimwagia sensa hiyo maji baridi. Injini ikishika, mhalifu kapatikana. Kusoma msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta pekee hakutoshi, kwani waya uliochubuka huleta msimbo uleule.