Namna ya Kudhibiti Kunguni wa Maboga katika Bustani za Nyumbani

Wananchi wanaolima maboga, matango, matikiti na mamung'unye kuzunguka makazi yao wanashauriwa kukagua mimea hiyo angalau mara mbili kwa wiki na kuwaondoa kunguni wa maboga kwa mkono kabla ya kufikiria matumizi ya viuatilifu. Ushauri huo una uzito wa pekee kwa sababu majani ya maboga, ambayo baadhi ya maeneo ya Pwani huitwa msusa, huchumwa na kuliwa wakati mmea ungali unakua. Dawa iliyopuliziwa kunguni jioni inaweza kuwa chunguni kesho yake.

Utambuzi

Kunguni wa maboga si yule wa kitandani anayenyonya damu. Ni mdudu bapa, mwenye rangi ya kahawia au nyeusi, anayetoa harufu kali anapoguswa. Spishi inayojulikana zaidi barani Afrika ni Coridius viduatus. Anasa tristis, anayetajwa katika vitabu vingi vya bustani, asili yake ni Amerika, lakini namna ya kushambulia inafanana: wote hufyonza utomvu kwa mdomo uliochongoka kama sindano.

Jike hutaga mayai kwa mafungu, hasa kwenye upande wa chini wa majani na kwenye vikonyo. Mayai yakianguliwa hutoka tunutu wasio na mabawa, ambao hujibanza pamoja na kujivua ngozi mara kadhaa hadi wanapokomaa. Tunutu ni laini na ni rahisi kuua. Mdudu mzima ana ngozi ngumu inayozuia dawa nyingi kupenya. Kwa sababu hiyo, mkulima anayesubiri hadi kuwaona wadudu wakubwa huwa amechelewa.

Madhara

Majani yaliyofyonzwa huwa na madoa ya manjano, kisha hukauka. Miche michanga huweza kufa, na matunda machanga hudumaa au kupata makovu. Hata hivyo, si kila mmea unaonyauka umeshambuliwa na kunguni. Boga lililosinyaa majani adhuhuri na kusimama tena jioni kwa kawaida limezidiwa na jua. Vilevile, tunda lenye funza ndani limeshambuliwa na nzi wa matunda. Matunda ya namna hiyo yakusanywe na kufukiwa kwenye shimo refu, kwa kuwa kuwaua kunguni hakutaondoa tatizo hilo.

Udhibiti bila sumu

Ukaguzi ufanyike asubuhi na mapema, wakati wadudu wangali wazito kwa baridi. Kila jani ligeuzwe. Mayai yapondwe, au kipande cha jani chenye mayai kikatwe na kuchomwa. Wadudu waangushwe kwenye ndoo yenye maji ya sabuni, ambamo hufa. Inafaa kuvaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi ili kuepuka majimaji yao yenye harufu.

Njia nyingine ni mtego wa ubao. Kipande cha ubao au cha bati hulazwa chini kando ya shina wakati wa jioni. Kunguni hujificha chini yake usiku, na alfajiri hufunuliwa na kukusanywa kabla hawajatawanyika.

Miche inaweza kufunikwa kwa chandarua chepesi tangu inapoota. Chandarua kiondolewe mara maua ya kike yanapoanza kuchanua, yaani yale yenye kiboga kidogo chini yake. Maua hayo huhitaji nyuki wa kuleta chavua kutoka kwenye maua ya kiume. Pasipo nyuki, viboga hupukutika.

Maji ya mbegu za mwarobaini husaidia dhidi ya tunutu, kwa kuwa huvuruga ujivuaji wa ngozi. Gramu 500 za mbegu zilizokaushwa na kutwangwa hulowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, kisha huchujwa. Mchanganyiko upuliziwe jioni, kwa sababu mwanga wa jua huudhoofisha, na ujaribiwe kwanza kwenye majani machache. Majani ya kupikwa yachumwe kabla ya kupulizia.

Matumizi ya viuatilifu

Iwapo hatua hizo hazikutosha, mkulima awasiliane na afisa ugani wa kata au kijiji kabla ya kununua dawa. Kitumike tu kiuatilifu kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), chombo kilichoundwa chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na kiwe kimeruhusiwa kwa mboga. Dawa ya pamba au ya kuogeshea mifugo haifai kabisa kwa bustani ya chakula.

Kibandiko cha chupa huonesha kipimo, mavazi ya kujikinga na idadi ya siku zinazopaswa kupita kabla ya kuvuna. Siku hizo zinahusu majani kama zinavyohusu matunda. Baadhi ya viuatilifu hupenya ndani ya mmea, hivyo kuosha mboga hakuondoi sumu yote. Familia isiyoweza kusitisha uchumaji wa majani kwa muda huo isipulizie dawa. Maua ya maboga hufunguka alfajiri na kusinyaa kabla au karibu na adhuhuri. Kwa hiyo upuliziaji ufanyike jioni ili kuwalinda nyuki. Chupa tupu zisitumike kuhifadhia maji, mafuta wala chakula.

Baada ya mavuno

Mabaki ya mimea ndiyo maficho ya kunguni hadi msimu unaofuata. Mashina na matunda mabovu yang'olewe na kufukiwa au kuchomwa mara tu mavuno yanapokwisha. Sehemu hiyo ipandwe mchicha, kunde au maharage, na mazao ya jamii ya maboga yahamishiwe upande mwingine wa bustani. Palipo na majirani wanaolima mazao hayo, usafi ufanyike kwa pamoja, kwa kuwa kunguni mzima huruka na hazuiwi na uzio.