Kilwa: Mji Uliohama

Utangulizi

Msafiri aendaye Kilwa Kisiwani huanzia Kilwa Masoko, bandari iliyo kiasi cha kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Huchukua kibali, hupanda mashua, na baada ya muda mfupi huteremka ufukweni chini ya kuta za ngome. Mbele yake yapo magofu. Kando ya magofu yapo makazi ya wavuvi na wakulima. Aghalabu msafiri huyo hutajiwa magofu peke yake. Ndiyo sababu wageni wengi huondoka wakiamini kuwa wamezuru mji uliokufa, uliojengwa na watu waliokwisha kwenda zao.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo haina msingi. Hoja yake ni kwamba Kilwa haikufa, bali ilihama. Ilitoka kisiwani ikaenda Kivinje, kisha ikatoka Kivinje ikaenda Masoko, nayo ikabeba jina lake, dini yake na lugha yake. Kwa hiyo anayetaka kuielewa hana budi kuzizuru Kilwa zote tatu pamoja na Songo Mnara, na kuyasikiliza majina ya mahali kwa umakini uleule anaoutumia kuzitazama kuta.

Msikiti, Kasri na Nyumba Zisizoonekana

Msikiti Mkuu wa Kisiwani haukujengwa kwa mara moja. Sehemu ya kaskazini, ambayo ni ndogo, ndiyo ya kale zaidi, na chanzo chake ni karne ya 11 au ya 12. Sehemu pana ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Ikaporomoka, na katika karne ya 15 ikajengwa upya kwa nguzo, matao na makuba. Jirani yake upo Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne hiyohiyo ya 15, ambao umehifadhika kuliko majengo mengi ya kisiwa hicho.

Mashariki ya mji, juu ya genge linalotazama bahari, ipo Husuni Kubwa. Jina hili limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini jengo lenyewe lilikuwa kasri. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyelifukua katika miaka ya 1960, alikuta vyumba zaidi ya 100, nyua kubwa na birika la pembe nane. Kasri hili ni la zama za al-Hasan bin Sulaiman, na gharama yake haiwezi kueleweka bila ya dhahabu ya Sofala iliyopita mikononi mwa Kilwa. Sarafu ya sultani huyo imepatikana Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka pwani. Ushahidi kuwa mji huu ulitazama bara kama ulivyotazama bahari.

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliutaja kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema. Hata hivyo aliandika pia kuwa nyumba zake zilikuwa za mbao. Kauli hiyo imewashangaza wasomaji wanaoijua Kilwa kwa mawe yake, lakini haipasi kushangaza sana. Wakazi wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na nyumba za namna hiyo haziachi magofu. Kwa hiyo msafiri anayetazama mawe peke yake anatazama maisha ya wachache.

Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini, husaidia kurekebisha mtazamo huo. Mji wake ulistawi tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Huko nyumba, misikiti na makaburi vimo ndani ya ukuta mmoja, na msafiri aweza kuingia barazani, kupita uani na kufika chumba cha ndani kwa mpangilio ambao mkazi wa mji wowote wa kale wa pwani angeutambua mara moja.

Nani Aliyejenga?

Kwa muda mrefu swali hili lilijibiwa kwa neno moja: wageni. Waandishi wengi wa zama za ukoloni waliegemea tarehe ya kale ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu na kufupishwa kwa Kireno na João de Barros katika kitabu chake cha mwaka 1552. Tarehe hiyo yasimulia kuwa Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi na kukinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Kutokana na kisa hicho wakahitimisha kuwa Kilwa ilikuwa koloni la Waajemi na Waarabu, na kwamba Mwafrika alikuwa kibarua tu katika mji wa wenyewe.

Utafiti wa akiolojia umeubomoa uamuzi huo hatua kwa hatua. Chini ya majengo ya mawe kuna matabaka ya makazi ya kale zaidi, yenye nyumba za udongo na vyungu vya wenyeji. Vifaa vya ujenzi navyo ni vya hapohapo: matumbawe, chokaa iliyochomwa ufukweni na boriti za mikoko. Hata upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti, kwa kuwa dari haikuweza kuvuka pale mti ulipoishia. Ufundi huu ulikua pwani, mikononi mwa watu walioijua bahari na mikoko yake.

Hata hivyo haifai kutoka upande mmoja na kuangukia wa pili. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 ulichunguza mabaki ya watu 80, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalionyesha kuwa nasaba ya Kiafrika ilitoka zaidi upande wa kinamama, na nasaba ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, upande wa kinababa. Na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hapa inafaa kukumbuka simulizi za Kilwa zilizokusanywa kwa Kiswahili zama za Wajerumani, ambamo mgeni hanunui kisiwa tu, bali anamwoa binti wa mwenyeji. Wazee waliosimulia hivyo hawakuwa na maabara. Walieleza kwa lugha ya ukwe jambo ambalo sayansi imekuja kulieleza kwa lugha yake, na katika masimulizi yao mama wa mji alikuwa mwenyeji.

Ushahidi wa Maneno

Ngome inayompokea msafiri ufukweni huitwa Gereza. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa kulipa kodi; mwaka 1505 Francisco de Almeida aliupora mji na kujenga ngome, ambayo Wareno waliiacha mwaka 1512. Jengo lionekanalo leo ni la Waomani, la yapata mwaka 1800, juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Jina, kwa upande wake, hunasibishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Neno la mahali pa ibada likawa jina la ngome, kisha jina la kila mahali pa kufungia watu. Hakuna kibao cha makumbusho kiwezacho kueleza kwa ufupi zaidi jinsi watu wa pwani walivyouonja ujio huo.

Makutani, kasri la karne ya 18 lililozungukwa na kuta, lina jina la Kiswahili kitupu. Aidha, Kilwa ndiyo asili ya barua za Kiswahili za kale zaidi zinazojulikana, zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu mwaka 1711 kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na ambazo zimehifadhiwa Goa, India. Mji unaodhaniwa kuwa umekwisha mwaka 1505 ulikuwa, karne mbili baadaye, ukiandika mambo ya dola kwa lugha yake wenyewe.

Lakini urithi si fahari tupu. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Anayeionea fahari barua ya 1711 sharti ausome na mkataba huo.

Kivinje

Katika karne ya 19 uzito wa mji ulihamia bara, Kilwa Kivinje. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia hapo na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na Kivinje ikawa bandari kuu ya watumwa katika pwani ya kusini. Mwezi Septemba 1888 wawakilishi wawili wa kampuni ya Wajerumani waliuawa hapo wakati wa upinzani wa pwani. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani mwingine na ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa misafara, alinyongwa mjini humo. Miaka kumi baadaye, mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilianza katika milima ya Matumbi, nyuma ya mji huo.

Msafiri atakuta Kivinje boma la Wajerumani, nyumba kuukuu za wafanyabiashara na mitaa ambayo bado ina watu. Atakuta pia kuta zinazoanguka mwaka hadi mwaka. Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Vilitajwa kuwa hatarini mwaka 2004, na vikaondolewa katika orodha ya hatari mwaka 2014 baada ya kuta kuimarishwa na mmomonyoko wa ufukwe kushughulikiwa. Kivinje haimo katika orodha hiyo.

Hitimisho

Imeonekana kuwa Kilwa ni historia moja iliyotawanyika mahali pengi. Anayeishia Kisiwani huona utukufu bila ya kuona gharama yake, na humwona sultani bila ya kumwona mtumwa. Kinyume chake, anayezitembelea zote huona kuwa watu wa mji huu hawakutoweka pamoja na kuta zao: walihamisha soko na msikiti, na waliendelea kuyaita magofu kwa majina waliyorithi. Uhifadhi unaojali jiwe na kumsahau anayelijua jina la jiwe hilo utakuwa umehifadhi nusu tu. Mwenye kwenda Kilwa, basi, asikose kufika Kivinje, na awaulize wenyeji kabla ya kuuliza vibao.