Warsha za Fasihi ya Watoto na Mtoto wa Babati

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, mtoto alipata lugha ya masomo, lakini vitabu vya kusoma kwa kujifurahisha vilibaki haba. Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi uliendesha warsha za waandishi, wachoraji na wahariri, kisha ukanunua sehemu kubwa ya nakala za vitabu vilivyopitishwa na kuzisambaza shuleni. Hivyo mchapishaji alipunguziwa hofu ya hasara.

Hata hivyo, warsha hizo zilimlenga mwandishi mtu mzima. Mtoto alibaki msomaji. Uzito wa jambo hili huonekana mahali kama Mutuka, katika mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioundwa mwaka 2002. Eneo la Babati lina wasemaji wa Kigorowa na Kiiraqw, lugha za Kikushi. Kimbugwe na Kirangi, za Kibantu. Na Kidatoga, ya Kinailoti. Mtoto aliyelelewa katika mojawapo ya lugha hizo husimuliwa ngano na bibi yake kwa lugha isiyotumika darasani.

Tamasha la fasihi linalomwita mtoto huyo asikilize tu humwacha alipokuwa. Likimtaka aisimulie ngano hiyo, kisha aiandike kwa Kiswahili, ngano huhifadhiwa na Kiswahili hutajirika. Hiyo ndiyo kazi iliyosalia kwa warsha za leo.