Pikapu kuvuta trela: Nguvu haiko katika injini pekee

PIKAPU inayopanda mlima wa Timboroa ikiwa na trela ya viazi nyuma yake husikika kabla haijaonekana. Injini hunguruma, moshi mweusi hutanda barabarani, na msururu wa magari yanayosubiri nafasi ya kupita huzidi kurefuka. Dereva anapofika juu, mshale wa joto ukiwa umekaribia alama nyekundu, wazo linalomjia kwanza ni kwamba gari lake linahitaji injini yenye nguvu zaidi.

Wazo hilo lina ukweli, lakini ni ukweli nusu. Uwezo wa gari kuvuta mzigo hutegemea injini, gia, difu, magurudumu, mfumo wa kupoza, fremu na, zaidi ya yote, breki. Mtengenezaji anapoandika katika kitabu cha gari uzito wa juu wa trela, huwa amevipima vyote hivyo kwa pamoja na kuzingatia kile kilicho dhaifu. Kwa hivyo, fundi anayeongeza nguvu za injini hajaongeza hata kilo moja katika kiwango hicho. Anachoongeza ni wepesi wa kupanda mlima tu.

Hesabu ya mlimani inaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi. Tuseme pikapu ina uzito wa tani 2 na trela tani 1.5, na barabara inapanda mita 7 kwa kila mita 100. Kwenda kilomita 80 kwa saa katika mlima kama huo kunahitaji takriban nguvu za farasi 100 zifike kwenye magurudumu. Bila trela, gari hilohilo lingehitaji kama 60. Hata hivyo, dereva akiridhika na kilomita 50 kwa saa huku trela ikiwa nyuma, mahitaji yake hushuka hadi chini ya 60. Yaani kwa kupunguza mwendo, amejipatia bure nguvu ambazo fundi angemuuzia kwa maelfu ya shilingi.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wa nyanda za juu hulijua kwa uzoefu hata kama hawajaelezwa chanzo chake. Hewa hupungua uzito kadiri nchi inavyoinuka, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Pikapu ya zamani ya dizeli iliyovuta trela Mombasa pasi na taabu, ikifika huko huwa imepungukiwa na robo ya nguvu. Turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ndiyo sababu mnunuzi anayejua kwamba atavuta mizigo milimani hufanya vyema kutafuta gari lililotoka kiwandani na turbo, badala ya kununua lisilo nayo kisha akaipachika baadaye.

RUDISHA KILICHOPOTEA KWANZA

Pikapu nyingi zinazodaiwa kuwa dhaifu hazikuzaliwa hivyo. Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi la barabara za mashambani huinyima injini pumzi. Kichujio cha dizeli kikiziba, au nozeli zikichakaa, mafuta hayafiki ipasavyo. Mpira wa turbo ukipasuka, hewa huvuja na gari hulegea. Klachi inayoteleza huifanya injini ipige kelele huku magurudumu yakizunguka polepole, nazo breki zinazobana daima humfanya dereva avute mzigo asioujua. Gharama ya kurekebisha mambo haya ni ndogo ikilinganishwa na ya kuifumua injini, na mara nyingi dereva huondoka karakanani akidhani amepewa gari jingine.

Magurudumu nayo yana hadithi yake. Vijana wengi hupenda kuipandisha pikapu kwa tairi kubwa, nayo kwa kweli hupendeza macho. Lakini tairi ni sehemu ya mfumo wa gia. Mwenye gari akitoka kwenye tairi za kimo cha inchi 28 na kuweka za inchi 31, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu ya kuvuta bila injini kuguswa. Kinyume chake pia ni kweli. Kubadilisha meno ya difu kutoka uwiano wa 3.9 hadi 4.3 huongeza nguvu ya kuvuta kwa asilimia 10 hivi, ingawa gari litatumia mafuta zaidi katika barabara tambarare. Katika pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, difu zote mbili hubadilishwa kwa pamoja, la sivyo moja hupigana na nyingine hadi kitu kivunjike.

Baada ya hayo ndipo injini yenyewe inapofikiriwa. Katika magari ya zamani fundi hufungua skrubu ya pampu ili mafuta zaidi yaingie. Katika mapya, programu ya kompyuta ya injini ndiyo hubadilishwa. Njia zote mbili huongeza nguvu kweli, na zote mbili huongeza joto. Pistoni nyingi hutengenezwa kwa aloi za aluminiamu, na aluminiamu huyeyuka kwa nyuzi 660 hivi za selsiasi. Dereva anayekanyaga mafuta hadi mwisho kwa dakika kumi mlimani huikaribisha hatari ambayo dereva asiye na trela hakutani nayo. Moshi mweusi ambao baadhi ya madereva hujivunia ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha kuungua: fedha za mwenye gari zinazopeperuka angani.

Kupoza ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Rejeta isafishwe, hasa matope na wadudu waliokwama kwenye mapezi yake ya nje, na feni ithibitishwe kwamba inavuta hewa inavyostahili. Gari lenye giaboksi ya otomatiki linahitaji kipozeo cha ziada cha mafuta ya gia, kwa kuwa joto ndilo adui mkuu wa giaboksi ya aina hiyo. Dereva wake pia hapaswi kuiachia gia ya juu kabisa mlimani, ikawa inaingia na kutoka kila mara; aizuie gia hiyo mapema.

MTEREMKO

Baada ya kupanda, gari lazima lishuke, na hapa ndipo maisha ya watu yanapoingia katika hesabu. Pikapu na trela zenye jumla ya tani 3.5 zikishuka kimo cha mita 500, kama inavyotokea katika miteremko ya Bonde la Ufa, huzalisha joto linaloweza kuchemsha takriban lita 50 za maji. Likiachiwa breki za pikapu peke yake, joto hilo huchemsha mafuta ya breki, hasa yaliyokaa miaka mingi na kunyonya unyevu. Kanyagio hushuka hadi sakafuni na gari lisipungue mwendo.

Kwa sababu hiyo, vitabu vingi vya magari ya aina hii huruhusu trela isiyo na breki ya hadi kilo 750 tu. Inayozidi hapo sharti iwe na breki zake. Mwenye fedha za kufanya jambo moja pekee, ni heri azitumie katika breki za trela kabla ya turbo. Dereva naye achague gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, aiachie injini kazi ya kuzuia mwendo, na kamwe asishuke huku gia ikiwa huru kwa nia ya kuokoa mafuta.

Upangaji wa mzigo huamua kama trela itatulia. Takriban asilimia 10 ya uzito wa trela inafaa kukaa juu ya kiungo kinachoishikanisha na pikapu. Mzigo ukilundikwa nyuma ya ekseli, trela huinua mkia wa gari na kuanza kuyumba kama nyoka. Likitokea hilo, dereva aachilie mafuta, ashike usukani sawasawa na asikanyage breki kwa ghafla. Tangi la maji lililojaa nusu ni baya kuliko lililojaa pomoni, kwa kuwa maji husukumana huku na huko kila gari linapopinda.

Kuna kiwango cha tatu kinachosahaulika: uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja. Pikapu inaweza kuwa na ruhusa ya kubeba tani moja na pia ruhusa ya kuvuta tani tatu, lakini isiruhusiwe kufanya yote mawili kwa wakati mmoja. Ikiwa kikomo cha jumla ni tani 5.5 na gari lenyewe na dereva wake ni tani 2, zimebaki tani 3.5 za kugawana kati ya mzigo wa nyuma na trela. Kuongeza majani ya springi huinua mgongo wa gari usiiname, lakini hakubadilishi hesabu hiyo.

Gari likishatengenezwa, safari ya kwanza iwe fupi na ipitie kwenye mizani. Baada ya kilomita kumi hivi dereva asimame na kusogeza kiganja karibu na kila gurudumu, ya trela yakiwemo, bila kugusa chuma. Likipatikana moja lenye joto kuliko mengine, breki yake inabana au beringi inakufa, na mzigo hauendelei hadi kasoro hiyo iondolewe.